Mraba wa Sita

Jumatatu, 3 Februari

Wiki sita! Wiki sita bila neno hata moja. Daktari wa koo kaniingizia kamera puani mpaka machozi yakanitoka, kisha akanionyesha kwenye skrini: vinundu viwili kwenye nyuzi za sauti, kimoja huku, kimoja kule, vinatazamana kama majirani waliogombana. Miaka ishirini na sita ya kupaza sauti darasani, ndiyo haya matokeo yake. Nikamuuliza kwa sauti yangu ya kukwaruza — je, kunong'ona? Akasema kunong'ona ndiko kubaya zaidi. Basi, hilo likawa swali langu la mwisho. Ningejua ningeuliza kitu cha maana.

Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini. Eti daktari huyo tumtafutie zawadi. Hana aibu! Lakini ndiye huyohuyo aliyekwenda dukani akaninunulia madaftari mawili ya jalada la buluu: moja la kuwaandikia watu ninachotaka kusema, moja la kwangu mwenyewe. Hili ndilo la kwangu. Maneno nisipoyatoa mahali fulani nitapasuka.

Mwalimu mkuu aliisoma barua ya daktari mara mbili. Akasema nichukue likizo, darasa langu atalikata vipande viwili, nusu huku nusu kule. Nikamwandikia kwa herufi kubwa: HAPANA. Watoto arobaini na mmoja, ninao tangu darasa la nne, sasa wako la sita, leo wagawanywe kama viazi? Akakuna kichwa. Sawa, akasema, lakini katikati ya Machi mkaguzi anakuja, na mkaguzi lazima amsikie mwalimu akifundisha. Akikuta siwezi, watoto watagawanywa na mimi nitahamishiwa stoo ya vitabu. Kugonga mihuri mpaka nistaafu.

Stoo! Mimi! Mtu ambaye watoto wanamwita Redio. (Wanadhani sijui.)

Jumanne, 4 Februari

Aibu tupu.

Niliandika ubaoni kipindi kizima. Ukiandika umegeuka, na ukigeuka darasa la sita linakuwa soko. Nikawageukia niwapigie kelele — mdomo wazi, hakuna kitu! Wakaona. Kicheko kilichotoka hapo! Kuna msichana mmoja wa dawati la pili, anaongea tangu kengele ya asubuhi mpaka ya kwenda nyumbani, mimi mwenyewe ndiye niliyempa jina la Kasuku. Akasimama akatangaza kwamba Redio imeisha betri.

Ningekuwa na sauti ningemnyamazisha palepale, kama kila siku. Nikabaki kutoa macho tu.

Nimerudi nyumbani nimeuchukua mwiko mkubwa jikoni. Kesho naenda nao.

Jumatano, 5 Februari

Mwiko unafanya kazi. Nikiugonga mezani mara moja: nitazameni. Mara mbili: rudia. Mara tatu: kaa chini. Wamejifunza kwa dakika kumi, wakati jedwali la saba limewachukua mwaka.

Mume wangu ameutafuta mwiko jikoni jioni nzima. Sikuandika kitu.

Ijumaa, 7 Februari

Leo nimefanya kitu, sijui nicheke au nijizike.

Jana binti yangu, naye ni mwalimu, mbali na huku, alinitumia meseji. Mama, kama huwezi kusimulia, waache wao wasimulie. Wapige picha, wachore, warekodi sauti zao, muunganishe iwe hadithi ya dakika mbili tatu. Nikamjibu mimi na mashine hatupatani. Akaniuliza shuleni kwenu hakuna tabuleti? Zipo! Sita, zililetwa miaka mitatu iliyopita, ziko kwenye kabati la ofisini na nailoni zake hazijatolewa. Jana hiyohiyo nikaandika humu maneno ya hasira, na leo nimeuchana ukurasa nusu — nitasema kwa nini.

Asubuhi nikaingia kwa Mkuu kuziomba. Nikafungua daftari nikamwonyesha ukurasa. Akasoma. Akasoma tena. Masikio yake yakabadilika rangi. Nikajiuliza, barua ya heshima vile inamuudhi nini? Nikaligeuza daftari nione mwenyewe.

Lilikuwa hili! La kwangu! Na ukurasa wenyewe: "Mkuu amezifungia tabuleti kama dhahabu ya bibi yake. Zitaozea humo naye akizipangusa vumbi."

Mama yangu! Ukiwa na sauti unaweza kujitetea — utani tu, mkuu wangu, si unanijua. Mimi nilisimama tu kama mlingoti. Akafungua droo polepole. Akatoa ufunguo. Akauweka mezani akasema ikivunjika hata moja, tutaongea. Kisha akakumbuka, akasema, au utaniandikia.

Nusu ya ukurasa ule nimeichana nikaitupa. Daftari hili nimelibandika utepe mwekundu.

Jumanne, 11 Februari

Mada ni mmeng'enyo wa chakula. Kila kundi, hadithi moja. Sheria niliiandika ubaoni: kwanza karatasi, miraba sita, kila mraba mchoro mmoja na sentensi moja. Hakuna kugusa tabuleti kabla hujamsimulia jirani kwa karatasi na jirani akaelewa. Binti yangu ndiye aliyenipa hiyo. Yake ilikuwa miraba kumi, mimi nikapunguza — nawajua hawa.

Walivyokaa kimya wakichora! Kisha walivyopigana kwa maneno! Kuna kijana tunamwita Mzee, kwa sababu anafunga mikono nyuma na kukohoa kabla ya kuuliza swali. Kundi lake wameamua hadithi isimuliwe na tonge lenyewe. "Mimi ni tonge. Nilizaliwa sufuriani." Kasuku akapinga: tonge haliwezi kusimulia likishasagwa. Wakabishana robo saa nzima likisagwa linabaki kuwa nani. Robo saa! Juu ya utumbo!

Mimi nimekaa na mwiko mapajani. Sikuwa na la kufanya. Raha yake ni ya ajabu kidogo.

Jumatatu, 17 Februari

Tunarekodi. Chumba cha vifaa vya michezo kiko mgongoni mwa darasa letu, ukuta wa mbao, magodoro ya mazoezi yamejaa, sauti haitoi mwangwi. Wanaingia wawili wawili. Kiranja anagawa tabuleti na kuzihesabu kila baada ya dakika tano, utafikiri ni vifaranga.

Mchana tukasikiliza. Nikashtuka. Katika kila hadithi, nyuma ya sauti ya mtoto — ko! Kisha tena — ko! ko! Mwiko wangu! Nilikuwa nikiwatuliza waliobaki darasani, na ukuta wa mbao ukapitisha kila kitu. Nikaandika ubaoni: YOTE YARUDIWE.

Kiranja akasimama. Msichana wa adabu, hajawahi kunipinga tangu la nne. Akasema samahani mwalimu, tumeshakubaliana ibaki. Wamezipanga picha zao zifuate mwiko. Ukilia ko, picha inabadilika. Akaniwashia niangalie. "Nikafika tumboni, palikuwa na joto na giza." Ko! — tumbo. "Nikakutana na nyongo, ana sura mbaya lakini moyo mzuri." Ko! — nyongo, kijani, ana kofia.

Nimefurahi kupita kiasi. Hadithi kumi, sikutia neno hata moja, na nimo humo ndani kila mahali.

Ya Mzee na wenzake imeishia na picha nyeusi tupu. "Safari yangu ikaishia mahali ambapo adabu hainiruhusu kuonyesha." Mkuu alikuwa anapita dirishani. Alicheka kwa sauti, nilimsikia, kisha akajikohoza akaendelea na safari zake.

Ijumaa, 21 Februari

Jaribio la mmeng'enyo. Waliofeli ni watatu. Muhula uliopita, mada kama hii, na mimi nimepiga kelele wiki tatu — kumi na saba.

Sitaki kufikiria maana yake. Leo nafurahi tu.

Jumatano, 5 Machi

Mama yake Kasuku kaja shuleni. Nikajua kesi. Eti mtoto nyumbani siku hizi mtu akitaka kumweleza jambo anamwambia achore kwanza miraba sita. Baba yake alichora! Alitaka kueleza kwa nini amechelewa kurudi, akachora miraba miwili, ikamwishia. Mama alicheka mpaka akashika meza yangu. Alitaka tu kumwona mwalimu aliyeanzisha mambo haya.

Sasa tuko kwenye moyo na damu. Kundi la Kasuku walikwenda kwa mwenye bucha wakaomba kupiga picha moyo wa ng'ombe. Mwenye bucha akawapa somo zima. Kawapasulia wakaona vyumba vinne, akawaonyesha na mishipa myembamba inayouzunguka moyo kwa nje. Kasuku ameichora yote, mshipa kwa mshipa. Hakuna aliyemtuma.

Jumatatu, 10 Machi

Vimekwisha! Kamera puani tena, machozi tena, na vinundu hakuna — au vimebaki alama tu. Wiki moja kabla ya wakati! Daktari kasema ni kwa sababu nimetii, wagonjwa wake walimu huwa hawatii. Naruhusiwa kuongea, taratibu, dakika kumi kwa siku kwanza. Kupiga kelele marufuku maisha yangu yote.

Nilitembea mpaka nyumbani mdomo umefungwa, nikitafuta la kumwambia mume wangu. Wiki tano nimetunga hotuba! Alikuwa jikoni anakoroga kwa kijiko cha chai. Kikanitoka tu: "Mwiko uko shuleni."

Akakiacha kijiko sufuriani. Halafu huyu mtu aliyetaka kumpa daktari zawadi akasema alikuwa amechoka kuongea peke yake ndani ya nyumba hii. Macho yamemlowa. Nikamtania, ingawa yangu pia yalilowa.

Kesho nawashtua watoto.

Jumanne, 11 Machi

Sikuwashtua.

Niliingia nimejiandaa, sentensi iko tayari. Nikawakuta wameshaanza. Mzee amesimama, mikono nyuma. Akakohoa. Akauliza: kwa nini moyo una vyumba vinne, viwili havitoshi? Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu, limeshaanza kutoka. Nikaona hakuna aliyenigeukia. Hata mmoja! Wanaangaliana wao.

Nikahesabu kimoyomoyo. Moja, mbili, tatu... Nikafika tisa. Ndipo Kasuku akasema: vikiwa viwili ni kama nyumba ya kupanga yenye mlango mmoja, wanaoingia na wanaotoka watagongana. Damu iliyotoka mapafuni na damu inayokwenda mapafuni zisikutane. Kiranja akamsahihisha ni upande upi. Wakaandika.

Tisa! Miaka ishirini na sita sijawahi kuacha swali likae hewani hata mpaka mbili. Nilikuwa nalidaka kama mpira. Nikidhani ndio ualimu.

Nikagonga mwiko mara moja, wakanitazama, nikatabasamu. Nikakaa chini. Dakika zangu kumi nimezirudisha nyumbani nzima nzima.

Alhamisi, 13 Machi

Bado sijasema. Siku ya tatu sasa. Najiona kama mwizi.

Leo Mzee kaniuliza kwa upole, mwalimu, koo bado linauma? Nikatikisa kichwa juu chini. Nimemdanganya mtoto kwa shingo!

Kuna jambo lingine, nalo limenichoma. Mapumziko nilimkuta Kiranja na kopo la biskuti limejaa vikaratasi. Wanakisia neno la kwanza nitakalosema nikipona. Akaniruhusu nisome, mradi nisiwaambie wengine. Nikasoma vyote arobaini na kimoja. Kimoja kimeandikwa "Rudia." Kimoja "Mmekula?" Kimoja kitupu.

Thelathini na nane: "Nyamazeni!"

Thelathini na nane. Wengine wameweka alama tatu za mshangao. Hawakuandika kwa chuki, Kiranja alikuwa anacheka, na mimi nikacheka naye bila sauti. Lakini nilikwenda kukaa chumba cha magodoro dakika tano. Cha Kasuku nilikijua kwa mwandiko. Nikajaribu kukumbuka jina lake la kweli, nikakwama! Ikabidi nifungue daftari la mahudhurio. Miaka mitatu nimemwambia "nyamaza" kila siku, jina lake nalisoma asubuhi tu na kuweka tiki.

Jina zuri sana.

Ijumaa, 14 Machi

Mkaguzi ni Jumatatu. Mkuu kaja mwenyewe darasani. Ananihurumia, inaonekana. Ameshasema mbele ya wote kwamba hadithi zetu anazipenda, hata ile picha nyeusi. Lakini sheria ni sheria: mkaguzi lazima amsikie mwalimu. Dakika tano tu zinatosha. Akikuta bubu, darasa linagawanywa Jumanne. Je, nitaweza?

Nikamwandikia: Nitajitahidi. Penseli ilikuwa inanisuta.

Nyumbani mume wangu kaniuliza, kwa nini usiwaambie tu umepona? Unaogopa nini? Nikatumia dakika moja kumjibu. Nikamwambia naogopa nitafungua huu mdomo halafu nishindwe kuufunga. Mkaguzi atasikia Redio yote, darasa litabaki langu, na Jumanne hawatakuwa na nafasi ya kusema neno. Nitakuwa nimewapata na kuwapoteza siku ileile.

Hakucheka. Akasema basi wiki nzima ulikuwa unanyamaza kwa makusudi? Wewe? Kisha ndipo akacheka.

Jumatatu, 17 Machi. Darasani

Naandika hapahapa mezani. Hakuna anayeshangaa, wameshazoea kuniona nikiandika.

Mkaguzi ni mama mmoja mrefu, kakaa nyuma kwenye kiti cha mtoto, magoti yanamfika kidevuni. Hajatabasamu hata mara moja. Mkuu kasimama mlangoni anajipangusa shingo. Taa tumezima, projekta imewaka, dirisha tumeziba kwa magodoro.

Safari ya damu imekwisha. Imekwenda vizuri! Ko! kwa ko! Mkaguzi kauliza huo mlio ni wa nini, watoto wakamjibu kwa mpigo, mwalimu huyo.

Mzee ameinua mkono tangu hadithi iishe. Kiranja kamwambia angoje, kuna moja zaidi. Ipi? Mimi najua kumi tu. Hii sikuiona ikirekodiwa.

Inaitwa "Redio". Sauti ya Kasuku.

Mraba wa kwanza: redio kubwa ina miguu na kitenge, inatoa umeme mdomoni. Wanacheka. Inafanana na mimi!

Wa pili: daktari anachomoa betri.

Wa tatu: redio imeshika mwiko. Mkuu kacheka kwa pua.

Wa nne: watoto wamekaa duara, redio pembeni. "Tulipokosa cha kusikiliza, tukaanza kusikilizana."

Jamani.

Wa tano: picha ya kweli, sio mchoro. Mimi, nimekaa mezani, mwiko mapajani, nawatazama. Sikujua nina sura hiyo. Nani kanipiga picha?

Wa sita — mweupe. Hakuna kitu. Kasuku anasema kwenye spika: "Hapa tumeacha nafasi. Tunasubiri neno lake la kwanza. Hata akichelewa tutasubiri."

Taa zimewashwa. Kiranja amenielekezea tabuleti, kidole kiko juu ya kitufe chekundu. Anarekodi. Watu arobaini na mmoja kimya, na hakuna aliyewanyamazisha. Wanangu hawa! Nina dakika kumi kamili kooni na ya kuwaambia kuhusu Jumatatu iliyopita ninayo, nitawaambia leoleo, wakinuna na wanune.

Mzee hakuweza kungoja. Kakohoa. Anauliza: kama moyo ndio unaosukuma damu mwili mzima, moyo wenyewe unalishwa na nani?

Mkaguzi kakunja daftari lake. Ananitazama mimi. Kasema mjibu mtoto, mwalimu.

Mkuu kafumba macho.

Wanadhani naandika jibu. Moja, mbili, tatu. Mishipa myembamba, kwa nje. Nalijua, liko kwenye ulimi, linanisukuma meno. Nne, tano. Mkaguzi anataka kunisikia. Sita. Na dawati la pili Kasuku ameinama, mdomo umefunguka kidogo halafu akaufunga akanitazama. Analijua. Aliliona kwa mwenye bucha. Anangoja nimwambie anyamaze.

Neno la kwanza nimeshalipata. Katika vile vikaratasi halimo. Ni jina lake — lile la kwenye daftari la mahudhurio.

Naweka kalamu chini.